Maswali yenu: samaki-simba wa Florida, mbuta wetu, na palizi ya baharini

Wiki tatu zilizopita niliandika hapa jinsi serikali ya Marekani na visiwa vya Karibea zinavyohangaika na samaki-simba, yule samaki wa milia myekundu na mapezi yaliyotanda kama manyoya ya jogoo, aliyeingia bahari isiyo yake na kuanza kuwamaliza samaki wadogo wa kwenye matumbawe. Nilidhani wasomaji wa Mombasa na Kilifi ndio wangeniandikia. Kumbe barua karibu zote zimetoka huku kwetu: Kisumu, Usenge, Mbita, Nakuru, Naivasha, hata Bumala. Nilipotulia nikaelewa. Mtu aliyewahi kulala ndani ya mashua usiku kucha kwa sababu gugumaji limefunga njia ya kurudi Dunga hahitaji kufundishwa maana ya kiumbe vamizi.

Nimechagua maswali manane. Baadhi nitayajibu kwa kirefu, mengine kwa maneno machache, kulingana na uzito wake.

*Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Kama kwao samaki-simba ni Bahari ya Hindi na Pasifiki, alifikaje Florida? Na serikali imefanya nini hasa?* (Mwanafunzi, Nakuru)

Alibebwa na watu. Wamarekani wengi hufuga samaki wa mapambo katika matangi ya kioo sebuleni, na samaki-simba anapendeza macho. Kasoro yake ni kwamba huwala wenzake. Mwenye tangi akichoka naye, au akihama nyumba, huona huruma kumuua, basi humpeleka ufukweni na kumwachilia. Florida alionekana mara ya kwanza mwaka 1985, karibu na Dania Beach. Wataalamu waliochunguza vinasaba vyao wanasema kizazi kile chote, mamilioni ya samaki, kimetokana na samaki wachache sana.

Kwa miaka kama 15 hakuna aliyejali. Kisha wakalipuka. Mwaka 2004 walikuwa Bahamas, mwaka 2010 Ghuba ya Meksiko, na leo wamefika Brazil. Jike mmoja huweza kutaga mayai yanayokaribia milioni 2 kwa mwaka. Zaidi ya hayo, samaki wadogo wa kule hawamjui. Katika Bahari ya Hindi samaki mdogo akiyaona mapezi yale hujificha. Kule humtazama tu mpaka amezwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kutoka Bahamas ulionyesha kwamba kwenye miamba midogo aliyowekwa samaki-simba mmoja, ongezeko la samaki wachanga lilipungua kwa asilimia 79 ndani ya wiki 5.

Hapo ndipo matumbawe yanapoingia. Samaki-simba hagusi matumbawe yenyewe. Anawamaliza samaki wadogo, wakiwemo wale ambao kazi yao ni kula mwani. Mwani usipoliwa hufunika matumbawe, yakakosa mwanga na nafasi, kama mahindi machanga yaliyoachwa bila kupaliliwa mvua za Aprili.

Kuhusu serikali: mwaka 1999 Rais Clinton alitia saini amri iliyoziagiza idara zote za serikali kuu kushirikiana dhidi ya viumbe vamizi. Kwa upande wa Florida, tume ya samaki na wanyamapori ya jimbo ilifanya mambo matatu ninayoyaona ya busara. Kwanza, iliondoa vikwazo: anayemvua samaki-simba kwa mkuki haulizwi leseni, wala hakuna kikomo cha idadi. Pili, mwaka 2014 ilipiga marufuku kuingiza samaki-simba hai kutoka nje. Tatu, tangu mwaka 2015 hutenga siku mwezi Mei ambapo wapiga mbizi hushindana kuwavua, na kuna zawadi. Ile hatua ya pili ilikuja miaka 29 baada ya samaki wa kwanza kuonekana. Kijana wangu, iandike namba hiyo kwenye daftari lako, tutairudia.

*Mwalimu, huyo samaki analiwa? Nimesikia ana sumu. Kama analiwa, si wawaite akina mama wa Kisumu tukawafunze kukaanga?* (Mama wa samaki, Soko la Jubilee)

Analiwa, mama, tena nyama yake ni nyeupe na laini. Sumu iko kwenye miiba, haiko kwenye nyama. Ana miiba 18 yenye sumu: 13 mgongoni, 2 tumboni na 3 karibu na mkia upande wa chini. Wapishi wa kule huikata kwa mkasi kabla ya kitu kingine chochote, kama wewe unavyoukata mwiba wa mumi kabla hujamtia kisu. Aliyechomwa huambiwa atie mkono kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa sababu joto huivunja sumu ile, kisha aende hospitali.

Lakini swali lako limenigusa mahali pengine. Serikali nyingi za Karibea zilishika wimbo wa “tumle tummalize”. Ni wimbo mzuri, nami sina neno baya juu yake. Ila sisi wa ziwani tunajua ubeti wa pili. Mbuta, yule sangara wa Ziwa Victoria, alipoingia kwa wingi, wazee hawakumtaka. Walisema ana mafuta mno, hakaukii juani kama ngege, anataka kuni nyingi za kumchoma. Baadaye vikaja viwanda vya minofu, Ulaya ikanunua, na mbuta akawa shule, bati la nyumba na mahari. Kwetu ikabaki mifupa, tukaiita mgongo wazi, tukaikaanga tukala. Leo nani Kisumu atakayekubali mbuta amalizwe? Kiumbe vamizi akishapata bei, anapata na watetezi. Serikali inayotaka watu wamle mgeni wake iwe imeamua mapema kama inataka kumpunguza au inataka kuanzisha biashara, kwa sababu baadaye haitaweza kuchagua tena.

*Hapa Winam tuliletewa wadudu wakala gugumaji. Kwa nini wasitafute mdudu wa kumla samaki-simba?* (Mvuvi, Usenge)

Hili ndilo swali lililonifurahisha kuliko yote, nawe nitakujibu kwa kirefu.

Mwaka 1998 nilikuwa nafundisha shule moja kwenye vilima vya Riat. Kutoka dirisha la darasa ziwa lilikuwa kijani kama uwanja wa mpira. Kwenye ghuba yetu ya Winam peke yake gugumaji lilifunika hekta zipatazo 17,000. Meli zilishindwa kutia nanga, wavuvi wakauza nyavu. Mwaka mmoja kabla yake, watafiti wa serikali walikuwa wamewaachilia fukusi wa aina mbili kutoka Amerika Kusini, huko huko gugumaji lilikotoka. Mwaka 1999 likapungua kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia. Wataalamu bado wanabishana ni sehemu gani ilikuwa kazi ya fukusi na ni sehemu gani ilikuwa ya mawimbi na mawingu ya El Niño. Nionavyo mimi, fukusi walilidhoofisha gugu na mawimbi yakalivunja.

Sasa angalia kwa nini fukusi walikubaliwa. Walijaribiwa kwanza kuhakikisha kwamba hawali mahindi, hawali mpunga wa Ahero, hawali papairasi. Fukusi yule akikosa gugumaji hufa njaa. Ndiyo maana ni salama. Samaki-simba hana adui wa namna hiyo. Wanaomla kwao, kama vile chewa wakubwa, hula kila samaki anayepita. Ukimleta mnyama wa kumla samaki-simba, naye akiwa hachagui, umeongeza mgeni wa pili.

Na hilo si jambo la kubuni. Tulilifanya hapa. Mbuta aliwekwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 na watu wa idara za uvuvi za wakati wa mkoloni, waliotaka wale fulu wadogo wenye mifupa wageuzwe kuwa samaki mkubwa mwenye nyama. Walifaulu. Miaka ya 1980 mbuta alijaa. Na fulu, waliokuwa wa aina zaidi ya 500 kwa makadirio ya wataalamu, wakapotea kwa mamia. Vijana wangu wa shule hawajui ladha ya fulu wa kukausha.

Hata hivyo bahari nayo ina hadithi inayofanana na ya fukusi wetu. Visiwa vya Hawaii, kwenye ghuba ya Kaneohe, vilivamiwa na mwani ulioletwa kutoka Ufilipino miaka ya 1970 kwa ajili ya kilimo. Ulitoroka mashambani ukatandika juu ya matumbawe kama blanketi. Serikali ya jimbo ilijenga chelezo lenye pampu kubwa. Wapiga mbizi wanaung'oa mwani kwa mikono na kuutia kwenye bomba la mpira, nao unavutwa mpaka juu, unapakiwa kwenye magunia na kupewa wakulima wa viazi vitamu wawe na mbolea. Lakini mwani ulichipua tena kila mara, kwa sababu kipande kidogo kikibaki huota. Basi wakaanza kuwazalisha, katika vidimbwi vya serikali, wale wanyama wa duara wenye miiba mwili mzima, Waingereza huwaita sea urchin, ambao ni wenyeji wa bahari ile. Kila mmoja akiwa na ukubwa wa sarafu, hupelekwa na kuwekwa kwa mkono juu ya mwamba uliosafishwa, mamia ya maelfu mpaka sasa, nao hutafuna mabaki polepole. Pampu inafyeka, kisha mwenyeji anapalilia. Sijaona mpango mwingine wa matumbawe uliofikiriwa vizuri namna hii.

*Je, pwani ya Kenya iko hatarini kuvamiwa na samaki-simba?* (Mwanafunzi wa chuo kikuu, Maseno)

Hapana. Yuko kwao. Wapiga mbizi wa Watamu na Kisite wanamwona, naye anaishi kwa adabu kwa sababu anaozoeana nao wanamjua na wanaomla wapo. Samaki yule yule ni balaa Bahamas na jirani mwema Kwale. Mbuta pia ni hivyo hivyo: Turkana ni mwenyeji wa tangu zamani, huku kwetu ni mgeni.

Matumbawe ya Kenya yana maumivu mengine. Mwaka 1998, wakati sisi tukilia na gugumaji, El Niño ile ile ilichemsha bahari, na matumbawe mengi kuanzia Kiunga hadi Kisite yakapauka na kufa. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zipo tangu mwaka 1968, na maeneo yasiyovuliwa yanabaki na samaki wanaokula mwani na kuwafungulia nafasi matumbawe machanga. Lakini hifadhi haizuii joto.

*Nafanya kazi bandarini Kisumu. Nasikia meli zinabeba viumbe kwenye maji ya tumboni. Ni kweli? Na sisi tunahusika?* (Mfanyakazi wa bandari, Kisumu)

Ni kweli. Meli tupu huyumba, kwa hiyo hujaza maji ya bahari kwenye matangi yake ili itulie, na ikifika inakopakia huyamwaga. Ndani ya maji hayo mna mayai, vifaranga vya kaa, mbegu za mwani, chaza wasioonekana kwa macho. Maji hayo, yaitwayo maji ya balasti, yakichotwa Singapore yanaweza kumwagwa Mombasa baada ya wiki mbili hivi, na yaliyochotwa Mombasa yakamwagwa Brazil.

Mwaka 2004 nchi zilikubaliana, chini ya shirika la umoja wa mataifa la usafiri wa baharini lililoko London, juu ya mkataba wa maji ya balasti. Ulianza kufanya kazi tarehe 8 Septemba 2017. Kenya ni miongoni mwa nchi zilizouridhia. Kwanza meli zilitakiwa zibadilishe maji hayo mbali na pwani, ikiwezekana maili 200 za baharini kutoka nchi kavu, kwa kuwa viumbe vya pwani havistahimili bahari kuu na vya bahari kuu havistahimili pwani. Sasa zinatakiwa ziwe na mtambo wa kuyasafisha, kwa kuchuja na kuua kilichomo kwa mwanga au kemikali. Ni kanuni nzuri. Nguvu yake iko kwa mkaguzi anayepanda melini na kufungua daftari.

Kwa upande wetu: MV Uhuru inapopeleka mafuta Port Bell na kurudi, haivuki bahari yoyote, kwa hiyo hatari hiyo ya moja kwa moja haipo. Usijifariji sana, ndugu yangu. Mwaka 1988 kome wadogo wenye milia kutoka upande wa Bahari Nyeusi na Kaspi waligunduliwa kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini. Walisafiri ndani ya meli, na ni viumbe vya maji yasiyo na chumvi, kama ya ziwa letu. Walijazana kwenye mabomba ya maji ya miji mpaka mabomba yakaziba. Gugumaji nalo halikuhitaji meli: lilishuka na Mto Kagera likaonekana ziwani mwaka 1989. Kwako wewe, kitu cha kuangalia ni mizigo ya mashine zilizotumika kwingine. Tingatinga la kuchimba mchanga, boti iliyoletwa kwa lori, chelezo la kukodi: kagua sehemu ya chini yake kabla haijagusa maji.

*Umetuandikia juu ya kushindwa tu. Kuna serikali yoyote iliyowahi kumaliza kabisa kiumbe vamizi baharini?* (Mwalimu mstaafu, Kakamega)

Zipo, mwalimu mwenzangu, na ni chache kiasi kwamba naweza kukusimulia mbili bila kuchosha.

Mwishoni mwa Machi mwaka 1999, wapiga mbizi waliokuwa wakikagua maegesho ya mashua mjini Darwin, kaskazini mwa Australia, walikuta kome wenye milia myeusi kutoka Amerika ya Kati. Miezi sita kabla, ukaguzi kama huo haukuwa umewaona. Sasa walikuwa wamejazana, mahali pengine zaidi ya 20,000 katika mita moja ya mraba. Serikali ya eneo hilo haikuunda kamati ya kuchunguza kamati. Ilifunga maegesho matatu yenye milango ya maji, ikazuia mashua kutoka, ikazifuata kokote zile zilizokwisha kuondoka ili zikaguliwe, na ikamwaga klorini na sulfati ya shaba ndani ya maji. Kila kilichokuwa hai mle ndani kilikufa. Lilikuwa jambo la kuumiza, hasa kwa wapenda viumbe kama mimi. Baada ya kama wiki 4 kome hawakuwepo tena, na viumbe wenyeji walirudi wenyewe kutoka bahari ya nje.

Ya pili ni California. Mwaka 2000 ulionekana, kwenye wangwa mmoja mjini Carlsbad, mwani wa matangini ambao ulikuwa umekwisha kuisumbua Ufaransa. Huko Ufaransa na Monaco, mwaka 1984 mwani huo ulikuwa mita moja ya mraba tu, chini ya jumba la makumbusho ya bahari. Mtu mmoja angeung'oa kwa mikono kabla ya chakula cha mchana. Badala yake watu walibishana ni kosa la nani, na miaka 5 baadaye ulikuwa hekta nzima, kisha maelfu ya hekta. California waliijua hadithi hiyo. Siku 17 baada ya kuuona walikuwa majini, wakiufunika kwa maturubai meusi na kuingiza klorini chini yake. Waliendelea kukagua kwa miaka, na mwaka 2006 wakatangaza umekwisha. Gharama ilizidi dola milioni 7, kwa eneo ambalo ungelizunguka kwa miguu.

Sasa rudi kwenye namba niliyomwambia yule kijana wa Nakuru. Darwin walimaliza kwa wiki 4. Carlsbad walianza kazi baada ya siku 17. Florida marufuku ilikuja baada ya miaka 29. Mahali palipochelewa, hakuna tena neno “kumaliza”. Samaki-simba huonekana hata kwenye kina cha mita 300, ambako hakuna mpiga mbizi wa mkuki atakayefika. Kinachobaki ni palizi. Mkulima wa Siaya anayepambana na gugu la kayongo kwenye mtama wake hategemei aamke siku moja akute kayongo imetoweka duniani. Anang'oa kila msimu, mtama unavunwa. Na palizi ina faida: utafiti wa mwaka 2014 huko Bahamas ulionyesha kwamba miamba iliyopunguziwa samaki-simba mpaka kiwango fulani, bila kuwamaliza, samaki wenyeji wake waliongezeka kwa asilimia 50 hadi 70. Ile ambayo haikuguswa iliendelea kupoteza samaki. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema fedha za mashindano ya Florida zinapotea. Zinapotea mwaka ambao hayafanyiki.

*Nimesoma kwamba Australia inawadunga sindano viti vya pweza. Hao nao ni wavamizi?* (Msomaji, Bumala)

Hapana, viti vya pweza, wale wanyama wa baharini wenye umbo la nyota, ni wenyeji, lakini wanaweza kulipuka kama wavamizi. Kiti cha pweza yule ana mikono hadi 21 na miiba ya sumu. Hutoa tumbo lake nje kupitia mdomoni, akalifunika tumbawe, akaliyeyusha na kulinyonya. Serikali ya Australia huajiri wapiga mbizi wa kuwadunga mmoja mmoja kwa chumvi za nyongo au siki ya kawaida ya jikoni, na dozi moja inatosha.

Kwa nini wanalipuka? Sababu moja inayotajwa sana ni mbolea na udongo kutoka mashambani: mito huvimwaga baharini, mwani mdogo unastawi, na vifaranga wa kiti cha pweza wanapata chakula tele. Nyingine ni kuvuliwa kwa konokono mkubwa anayemla, yule ambaye kombe lake hupulizwa kama baragumu. Nikisoma habari hizo namwona Nyando ukishuka mwekundu kutoka Muhoroni na Ahero, na majitaka ya mji wetu yakiingia ziwani. Gugumaji lilirudi kwa nguvu baada ya mwaka 2006 licha ya fukusi. Mbegu zake hukaa matopeni miaka hata 15, na sisi ndio tunaozinywesha uji.

*Mimi ni katibu wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo) huku Mbita, na shemeji yangu Naivasha anataka kuleta samaki wa urembo awatie kwenye bwawa lake. Nimwambie nini? Na tukiona kitu kigeni kwenye nyavu, tufanye nini? Nimekutumia picha mbili.* (Katibu wa BMU, Mbita)

Shemeji mwambie asithubutu, na umwambie kwa upole maana hajui. Naivasha imeshaonja yote hayo. Kamba wekundu wa Louisiana waliwekwa mwaka 1970 ili wauzwe nje. Walitafuna mayungiyungi ya ziwa karibu yote. Karibu na mwaka 2001 akaonekana samaki aina ya kapu ambaye hakuna aliyepanga kumtia ziwani, akaja kuwa sehemu kubwa ya mavuno. Mvua kubwa zikija bwawa hufurika, na samaki wa urembo hawana habari na mpaka wa shamba. Akitaka kufuga, aende kwa afisa wa uvuvi wa kaunti ya Nakuru aulizie samaki wanaoruhusiwa.

Kwenu Mbita: mkinasa kitu msichokijua, msikirudishe majini na msikibebe kikiwa hai kwenda ufuo mwingine. Pigeni picha kikiwa kando ya kalamu au simu ili ukubwa uonekane. Andikeni mahali na saa, hifadhini kwenye barafu, mpigieni afisa wa uvuvi au mkipeleke kwa watafiti wa KMFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi, hapa Kisumu. Nyavu na mashua zinazohamia bwawa au ziwa lingine zioshwe na zikauke juani kabisa kwanza. Kipande cha gugumaji chenye mzizi kilichonasa kwenye wavu mbichi huota kikifika majini.

Picha yako ya kwanza, mmea unaoelea kama kabeji ndogo, ni mgeni wa zamani ambaye watafiti wanamjua, na bado mpelekee afisa habari zake kama anaongezeka. Ya pili imetikisika. Nipigie nyingine kesho asubuhi kukiwa na mwanga, usogee karibu, uonyeshe vinyweleo vya juu ya jani. Salvinia, ule mmea uliowasumbua watu wa Naivasha, hutambulika kwa vinyweleo hivyo. Na tafadhali usiutoe hapo ulipo mpaka tujue.